Dirisha la Kabeya na Macho ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilivaa abakosti mpya, suti isiyo na tai, na kuweka kalamu tatu mfukoni: moja ya kuandikia, ya pili kama ile ingekauka, ya tatu kwa sababu ya wasiwasi tu. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nikidhani kampuni ya shaba itanipa madaraja nichore. Mkuu wa Huduma ya Nyumba, hapa Lubumbashi, hakuinua hata macho; aliniita raia, kama tulivyoitana enzi zile.

"Citoyen ingénieur, karibu. Utatumika kwa madirisha."

Karakana ya madirisha ilisimamiwa na Papa Ramazani, seremala Mwislamu ambaye babu yake alitoka Maniema. Kofia yake nyeupe ilijaa unga wa mbao. Alinionyesha vitu vitatu. Rido, nguo inayoning'inia, huzuia jicho lakini huziba hewa. Storo, pazia la kuviringisha kwa kamba, huleta giza upesi. Persieni, fremu ya mbao yenye vibao vyembamba vilivyowekwa mshazari, hukata jua na kupitisha upepo.

"Yote iko muzuri," alisema. "Mubaya iko ule anachagua bila kulala."

Sikuelewa. Niliandika daftarini, nikapiga mstari chini mara mbili.

Wiki ya pili nilipewa nyumba ya Kabeya, mtu wa tanuru, mwenye asili ya Kasai. Kazi yake ilikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana. Tayari alikuwa amesinzia mara moja karibu na shaba iliyoyeyuka, na mkubwa wake wa zamu alikuwa amemwonya: akisinzia tena, kazi imekwisha, kama si maisha.

Shida zilikuwa mbili. Jua liliingia mpaka kitandani. Tena mkewe alikuwa amejifungua, na mama yake alikuja kutoka Kasai kumsaidia. Kwao mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Dirisha la chumba lilielekea bomba la maji uani. Kila alipokuja kuteka maji, mama yule alikohoa kwa mbali ili mkwe wake ajifiche.

"Mama anakohoa, miye naamuka, nasimama nyuma ya mulango," Kabeya aliniambia, macho yake mekundu. "Jua inaingia, naamuka tena. Citoyen, shaba haina huruma."

Nilichora siku tatu. Nilichagua persieni kwa sababu ya joto. Lakini vibao vielekee wapi? Niliwaza hadi kichwa kikauma, kisha nikaamua ukingo wa nje uwe juu na wa ndani uwe chini. Hivyo Kabeya akilala, macho yake yatapita kati ya vibao na kuona mbingu tu, kamwe si mama mkwe. Nilijiona nimegundua jambo kubwa. Papa Ramazani alikuwa amesafiri kwenda Likasi kupeleka milango, nami niliifunga persieni mwenyewe.

Kesho yake mama yule, akiwa ameambiwa dirisha limezibwa, alikwenda bombani bila kukohoa. Akainua macho. Kati ya vibao vyangu alimwona mkwe wake mzima mzima, amejinyoosha katika chupi, jua likimmulika tumboni. Ndoo ilianguka. Kufikia mchana alikuwa amefunga mizigo arudi Kasai, na binti yake alikuwa mlangoni mwa karakana, mtoto mgongoni, akilia.

"Ingénieur, umeniharibia mama!"

Papa Ramazani alirudi siku hiyo hiyo. Hakunipigia kelele.

"Ulilala kwa kitanda ya ule bwana?"

"Hapana, Papa."

"Ulisimama kwa robinet, kwa bomba ya maji?"

"Hapana, Papa."

"Alors ulipima nini?"

"Dirisha."

Alicheka mpaka akashika meza. "Dirisha haikulalamika, mutoto yangu."

Tulikwenda. Kabeya alitoka, naye Papa Ramazani akavua viatu, akalala kitandani na kunituma bombani.

"Unaniona?"

"Naona mpaka vidole vya miguu, Papa!"

Jikoni, alikokaa mama mkwe na mizigo yake, mtu alicheka kidogo, kisha akajizuia. Papa Ramazani aliifungua fremu, akaigeuza, upande wa ndani ukawa wa nje, akakaza misumari ya kuzungusha. Hakuongeza ubao hata mmoja.

"Ingia sasa."

Niliingia. Jua lile lile la saa nane lilikuwa limebaki nje. Mwanga mdogo tu uliopiga ardhi ya uani ulipanda kati ya vibao na kutua darini, ukicheza kama maji. Chini yake chumba kilikuwa giza la buluu, na upepo ulipita. Nilikuwa na diploma, lakini sikuwahi kuona mtu akigeuza mchana kwa bisibisi.

Aibu ilibaki. Desturi ilidai kuku na kitambaa. Kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nilivileta mimi, mke wa Kabeya akavipokea. Jibu la mama mkwe lilitoka nyuma ya ukuta wa jikoni:

"Ule mutoto wa masomo abebe ndoo kwa kichwa, asimame pale nasimamaka. Kabeya alale. Kama haone kitu, nitabakia."

Nilisimama bombani, abakosti mwilini, ndoo kichwani, majirani wakishangilia. Nilitazama dirishani. Niliona dari, dari tupu. Kisha sote tulisikia Kabeya akikoroma. Mama yule alisikiliza kwa muda mrefu, akaenda kufungua mizigo yake.

Baadaye nilitumwa Kambove, mji mwingine wa shaba. Mkurugenzi wa huko, mtu wa sauti nene, aliniuliza kwa nini navua viatu chumbani mwake.

"Citoyen Directeur, napima."

"Kwa kitanda yangu?"

"Ndipo pale dirisha inaanzia."

Nilirudi Lubumbashi kuwa msimamizi wa karakana, katika kiti cha Papa Ramazani, na sikuwahi kumfikia. Kabeya alistaafu kabla yangu, mzima, na nyusi zake zote.

Sasa nakaa Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi. Vijana huniuliza wanunue pazia gani. Huwaambia walale kwanza, kisha watoke nje; na taa ikiwaka jioni, watoke tena, maana usiku ndani ndiko huonekana. Mimi mwenyewe, ingawa nyumba hii ni yangu na hakuna anayepita, bado husimama nje ya dirisha langu, nikitazama kama ningeonekana ndani.