Chupa Iliyomsingizia Fundi Viatu

Kifuniko cha sufuria kinagongagonga jikoni. Ni saa kumi na moja alfajiri. Mama anapunguza moto wajukuu wasiamke, kisha anakunja koti lake jeupe na kulitia mkobani.

Saa moja yuko zahanati, kwenye chumba chenye dirisha moja. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anatoa watu damu ya vipimo, hamsini hata sitini kwa siku. Wagonjwa humwita Mkono Mwepesi. Siku hizi akiitwa hivyo huinamisha kichwa.

Mwezi uliopita alimtoa damu fundi viatu mmoja, mzee mpole aliyeacha pombe miaka minne sasa. Daktari alitaka ini lipimwe. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuhamisha kikundi cha kemikali kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Makao yake ni ndani ya seli. Ini likiumia, kimeng'enya hicho huvuja na kujaa kwenye damu. Lakini kimo pia ndani ya chembe nyekundu, nazo zikipasuka, kipimo hupanda bure.

Foleni ilifika mlangoni. Kwa haraka, akaisukuma damu chupani kwa nguvu. Ilipozungushwa kwenye mashine, maji ya juu yakatoka mekundu badala ya manjano, ishara kwamba chembe zimepasuka. Aliyaona. Ilimpasa amwite fundi, arudie. Akaiacha ipimwe hivyo hivyo.

Majibu yakawa mara tatu ya kawaida. Mke wa fundi aliposoma karatasi, akaamini mumewe amerudia pombe, akahamishia godoro lake chumba cha pili. Binti yao akaacha kuwaleta watoto. Kipimo cha marudio kilikuwa safi, ila mke akasema ni pombe tu imeshamtoka mwilini.

Fundi alimsimulia Mama hayo yote siku aliyopita tena zahanati, bila kulaumu mtu. Kisha akaona kiatu cha Mama kimefumuka, akakishona palepale, akakataa malipo.

"Nilikaa peku mbele yake, nikanyamaza," Mama anasema. "Hiyo ndiyo aibu yangu. Chupa niliiharibu kwa haraka. Kunyamaza nilikuchagua."

Alimweleza msimamizi wake. Sasa maji ya juu yakitoka mekundu anaitupa chupa na kumtoa mgonjwa damu upya, foleni inung'unike itakavyo. Jumamosi iliyopita akaenda nyumbani kwa fundi, akasema yote akiwa amesimama mlangoni.

Fundi alicheka kidogo. "Kumbe ini langu lilisingiziwa."

Mkewe hakucheka. Alijifunika uso kwa viganja. Kisha akamvutia mgeni kiti, akammiminia chai. Mama anasema hakustahili hata maji.

Anachokitamani sasa ni kuwaona wale watoto wakirudi kwa babu yao. Alipoaga, mke wa fundi alimshika mkono.

"Binti yetu atapita Jumapili, peke yake. Mimi nikimwambia atadhani namkingia kifua baba yake. Dada yangu, njoo tena, umwambie wewe."