Hukumu ya Sultan juu ya Albamu ya Mwisho

Mwaka ule wa tisini na saba, Hounslow nzima, mtaa wetu huku ugenini, ilikuwa na la kusema juu ya albamu ya mwisho ya bendi ya Marlow Street. Hounslow nzima ya kwangu mie, maana yake mume wangu Sultan na wapakiaji mizigo wenzake wa uwanja wa ndege wa Heathrow. Waingereza wanne wenye mvi wametangaza kwamba wanaivunja bendi yao, basi watu wazima wenye wake na watoto wakawa hawana raha. Mie nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, naondoka alfajiri narudi jioni miguu imevimba, nikifungua mlango nakuta viatu vya wanaume mpaka kwenye ngazi. Kukaa nitakaa wapi?

Walikuwa wakija kila Jumapili. Kwetu Unguja wanaume hukaa barazani. Hapa baraza hakuna, kuna sebule yangu. Sultan aliipenda bendi hiyo tokea ujana wake, enzi za suruali za bugaluu, binamu yake alipomletea kanda kutoka ng'ambo. Kila albamu ilipotoka, yeye huisikiliza kwanza peke yake, kisha huwaita wenzake akawaambia wimbo upi wa maana na upi wa kujazia. Wenzake walimtegemea. Yogesh, Mhindi wa Kisumu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, alikuwa hanunui mpaka asikie Sultan kasemaje. Kazini mume wangu alikuwa mtu wa kubeba masanduku ya watu, lakini Jumapili alisikilizwa, na mie nilijua ni kitu gani hicho kwake. Ndiyo maana nikavumilia na viatu.

Wasiwasi wangu ulikuwa masikio yake. Miaka na miaka chini ya injini za ndege, na vile vidude vya kuziba masikio anavitundika shingoni, ati akivivaa hawasikii wenzake. Televisheni ilizidi kupandishwa sauti mpaka jirani akawa anagonga ukuta. Simu inalia pale pale alipokaa, na mie niliye jikoni ndiye ninayeikimbilia. Nilimwambia nenda kapimwe. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnunia. Jibu lake lilikuwa moja: "Masikio yangu mazima. Nyinyi ndio mnaomung'unya maneno." Na sikudhani kwamba anaogopa kupoteza kazi, maana kazi angepewa nyingine, ya ofisini. Alikuwa akiogopa kuambiwa kwamba muziki umeanza kumkimbia. Nilimjua, nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minane.

Albamu ikatoka. Alirudi na sidii yake kutoka dukani, akajifungia chumbani, akatoka na uso wa mtu aliyetoka kuzika.

"Wameiua," akaniambia.

Safari hii wenzake hawakusubiri hukumu, kila mtu alishajinunulia yake. Jumapili walikuja wamejaa maneno. Adolphe, Mkongo wa Lubumbashi, alisema gitaa la wimbo wa mwisho limemkumbusha harusi za kwao zikikaribia kwisha, watu wamechoka lakini hawataki kwenda nyumbani. Yogesh alisema ni nzuri, ila ndefu. Kisha wakamgeukia mwenye baraza.

"Hakuna matoazi," Sultan akasema. "Hakuna kengele. Nyimbo zote utadhani zimepigwa chini ya godoro. Na yule mama anayewaitikia tokea albamu ya kwanza, wamemtoa. Watu wanaaga, halafu mama wa watu wanamtoa."

Yogesh akamtazama. "Mama gani ametolewa? Si yumo mpaka anachosha?"

"Yumo wapi?"

"Kila mahali, bwana. Mimi kasoro niliyoiona ni hiyo tu, amezidi."

"Labda sidii yako ni mbovu, kaka," Adolphe akamwambia. Maskini, alitaka kusaidia.

Sultan alisimama. Aliwaambia wameipenda kwa sababu ni ya mwisho, wanaisema kama marehemu anavyosemwa siku ya khitma, mazuri matupu. Akamwambia Yogesh kwamba hajawahi kuwa na sikio la muziki, amekuwa akimfuata yeye tu. Mbele ya watu! Yogesh aliweka kikombe chini, chai imejaa, akaniambia, "Shemeji, asante," akaenda zake. Jumapili iliyofuata alikuja Adolphe peke yake, akakaa kidogo. Baada ya hapo sebule ikawa yangu, na wallahi sikuifurahia.

Sidii ile aliirudisha dukani, akapewa nyingine. Nyingine nayo vile vile, akairudisha. Usiku alikuwa akifungulia redio kusikiliza watu wakipiga simu kuijadili hiyo albamu. Mmoja alilia kabisa. Mwingine alisema wangeacha kuimba miaka kumi nyuma wakapumzika, na sisi tukapumzika. Lakini hata huyo aliyeiponda hakusema kwamba mwanamke hayumo. Nilimwona Sultan akisubiri aseme, kichwa amekiinamishia redio.

Akamuuliza binti yetu, Miska, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Miska akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba yule mwanamke anaimba mwanzo mpaka mwisho. Baba yake akamwambia watoto wa siku hizi hawajui kitu. Nikaona sasa yatosha.

"Baba Miska," nikamwambia, "ni masikio."

Aliinuka akaongeza sauti ya televisheni.

Jumamosi nilirudi kutoka kazini kichwa kinanigonga. Mzee mmoja ametutapikia, mwenzangu hakuja, nimefanya kazi ya watu wawili. Nikamkuta Sultan sebuleni kaweka kanda ya zamani kabisa, ile ya kwanza, kafumba macho, anatikisa mguu. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona muda mrefu.

"Njoo ukae," akaniambia. "Usikie mambo yalivyokuwa. Naisikia yote. Sasa mtu mwenye masikio mabovu atasikiaje hivi?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Matoazi yale yalikuwa yananitoboa utosi. Kwenye redio yetu kubwa kulikuwa na kitufe cha kupunguza sauti nyembamba ukabaki na nzito tu, na kitufe hicho nyumba nzima ilikuwa imekatazwa kukigusa. Hata nikikifuta vumbi Sultan huruka kitini. Leo nikasema liwalo na liwe. Nikakizungusha mpaka mwisho, nikangoja kelele zake.

Muziki ukawa mzito, kama unatoka nyumba ya jirani. Matoazi yakapotea, yule mwanamke akapotea. Miska alikuja mlangoni akauliza redio imeharibika nini.

Sultan hakufumbua macho. Aliinua kidole.

"Sikia matoazi hayo," akasema. "Sasa anakuja mama."

Akaanza kuimba naye polepole, pale pale panapostahili, wala hakukosea. Alikuwa akiimba na mwanamke ambaye mie na Miska hatumsikii.

Mtu huyu hakuwa akizisikia nyimbo za zamani, alikuwa akizikumbuka. Alizihifadhi tokea ujana na akili yake ilikuwa ikimchezea zile sauti nyembamba zilizopungua masikioni. Ile mpya hakuwa na pa kuikumbukia. Ilimbidi aisikie kwa masikio aliyobaki nayo. Hasira zangu zote za wiki zile ziliniishia nikabaki na huruma, na uchovu. Nikakizungusha kitufe kurudi, taratibu, mpaka juu. Matoazi yakarudi kichwani kwangu. Yeye uso wake haukubadilika hata kidogo.

Kisha akafumbua macho, akaona mkono wangu ulipo, akamwona na Miska mlangoni.

"Umekigusa?"

"Nimekigusa."

"Saa ngapi?"

"Kabla hujaniambia nisikie matoazi."

Alikitazama kitufe. Nilidhani atagomba, na ningefurahi kama angegomba. Akasema, kwa sauti ya chini, "Basi kirudishe."

"Nimeshakirudisha, Sultan."

Miska aliondoka mlangoni. Kanda ilikuwa bado inazunguka, na yule mama alikuwa kaachiwa uwanja peke yake, anaimba kwa nguvu. Sultan alinitazama mie badala ya redio.

"Kwa hiyo kwenye ile mpya yumo," akasema.

"Yumo. Tokea wimbo wa kwanza."

"Anaimba vizuri?"

Mie bendi yao hiyo sijapata kuisikiliza kwa makusudi maisha yangu yote. Nilivuta kiti karibu yake nikakaa, mara ya kwanza tokea alfajiri.

"Vizuri sana," nikamwambia, na ikabidi niseme tena kwa sauti kubwa.