Nukta ya Mjomba

Bosi aliponiwekea mashine mbili mezani na kuniambia nichague moja, nilipaswa kukataa zote na kubaki na daftari langu. Sikukataa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha, nami nilikuwa karani wa shirika dogo la chanjo ya mifugo mjini Garissa. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wafugaji visimani na kuchora daftarini alama ambayo kila mzee huwachoma ngamia wake kwa chuma cha moto.

Mashine zenyewe zilikuwa kompyuta kuukuu zilizoletwa kutoka Nairobi. Moja, kioo chake kiligeuka na kulala juu ya vitufe, lakini hakikutoka, na ilikuwa nzito. Ya pili, kioo kilichomoka kabisa. Uliviacha vitufe ofisini ukaenda nacho porini, ukakiandika kwa kalamu ya plastiki.

"Chukua ya kugeuka," mpiga chapa wetu aliniambia. "Ina vitufe, utaeleza kila alama kwa maneno. Hiyo nyingine itakupendezesha tu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeshajiona nimesimama kati ya ngamia, kioo mkononi. Nikachagua ya kuchomoka, na daftari likapelekwa stoo.

"Karani, leo umetuletea sinia bila wali?" mfugaji mmoja aliuliza kisimani, na wenzake wakacheka.

Mjomba wangu alikuwapo. Ndiye aliyenilea baba alipofariki, na ndiye aliyenipeleka shule. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana kwa neno moja, abti.

"Abti, chora vizuri," alisema. "Usiisahau nukta yangu."

Alama yake ilikuwa mstari wima wenye ndoano chini na nukta juu. Mzee mmoja wa upande wa Masalani alikuwa na mstari na ndoano kama hiyo, bila nukta.

Nilichora kama alivyotaka. Lakini mashine ilijua kusoma mwandiko, haikujua alama za ngamia, na kila nilichochora ilikigeuza herufi. Alama ya mjomba ikawa J. Ya mzee wa Masalani nayo ilikuwa imeshakuwa J. Niliona, nikajiambia nitarekebisha ofisini. Sikurekebisha.

Miezi michache baadaye ngamia wanne walikamatwa mikononi mwa wezi, wakaletwa mjini. Afisa aliyekuja kutuuliza ni wa nani alikuwa mgeni, mtu wa kutoka Kenya, kama tulivyozoea Garissa kuwaita watu wa mikoa mingine. Siku hiyo bosi alikuwa na wageni wake, akiwaonyesha mashine yetu. Tulitoka wote kwenda kuwatazama ngamia. Nukta ilionekana wazi mapajani mwao.

Afisa alipitisha kidole kwenye orodha yangu. J ya kwanza ilikuwa ya mzee wa Masalani.

"Hii ni J?"

"Ina nukta," nilisema.

"J yenye nukta na isiyo na nukta si J tu? Ulisomea wapi, karani?"

Wageni walicheka. Bosi alinitazama. Daftari lilikuwa stoo, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama.

"Ni J," nilisema.

Mzee wa Masalani alipelekewa habari, akaja, akasema ni wake. Wiki hiyohiyo aliwauza, wakapakiwa kwenye lori.

Mjomba alifika siku nne baadaye. Alisimama mlangoni, akatoa salamu, kisha akasema kwa Kiswahili, "Karani, nukta yangu iko wapi?"

Kiswahili alikitumia sokoni na kwa maafisa. Hakuwahi kukitumia nami. Nilimweleza kwa Kisomali jinsi mambo yalivyokwenda, pamoja na kwamba niliwatambua ngamia wake nikanyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, karani," alisema kwa Kiswahili, akaondoka.

Nilimpelekea ngamia jike mwenye mimba. Alimrudisha, akiwa amenyweshwa vizuri. Nilipokwenda kwake nilikaribishwa chai, nikaulizwa habari za kazi, kwa Kiswahili, kama wanavyoulizwa wageni wote. Aliishi miaka tisa zaidi.

Chaguo lile liliniondolea mjomba. Tangu siku ile mpaka tulipomzika hakuniita tena abti.