Taa ya Kobe na Macho ya Akko

Siku ninayoikumbuka, mwanangu Jillo, ilikuwa siku ya soko hapa Isiolo, nami nilikuwa mke mgeni katika nyumba ya watu, bado najifunza nani anakunywa chai bila sukari. Umenipigia simu kuniuliza ununue taa gani ya kobe ambayo mfuko wako utaimudu. Nitakujibu. Ila kwanza nisikilize, maana jambo hili sijamweleza mtoto yeyote wa ndugu zangu, na hata sasa nikilisema uso unanichoma.

Mume wangu Halkano alikuwa akipeleka bidhaa Merti kwa lori. Safari moja akamkuta kobe katikati ya barabara, gamba limepasuka, gurudumu la gari la mtu lilikwisha kumpitia. Alimbeba mpaka kwa maafisa wa wanyamapori. Hawakuwa na mahali pa kumweka, kwa hivyo wakatupa kibali tumtunze mpaka apone, chini ya daktari wa mifugo. Daktari alisafisha kidonda, akaziba ufa, akasema kobe asitoke nje, kwa sababu nzi wangetaga mayai ndani ya kidonda na funza wangemmaliza.

Lakini kobe bila jua hudhoofika, mifupa na gamba vikalegea. Hivyo daktari akatuagiza taa iliyotengenezewa wanyama wa jamii yake, inayotoa ile miale ya jua tusiyoiona kwa macho. Kazi ya kuitafuta nikapewa mimi. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyekuwa nimefika kidato cha nne, na nilitaka sana ionekane.

Aliyempenda yule kobe kuliko sote alikuwa mama mkwe wangu. Tulimwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Alikuwa ametoka Sericho baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake, na tangu afike mjini alikuwa akikaa tu ukutani, mikono mapajani, hana cha kuamkia. Kobe alipoletwa, Akko akaanza kuamka mapema. Alimkatia majani, akamwongelesha jinsi alivyokuwa akiongelesha ndama. Halkano aliniambia kwamba hajamsikia mama yake akicheka hivyo tangu ahame.

Basi siku hiyo ya soko nikaenda madukani. Mwenye duka la vifaa vya umeme, Bwana Kirimi, alinisikiliza vizuri. Akasema taa ninayoitaka hana, lakini anaweza kuiagiza Nairobi ije na basi, na bei yake si ndogo. Mimi nikaona kwenye rafu taa ndefu ya tyubu, rahisi, sandukuni imeandikwa UV, jina la miale ileile, kwa herufi kubwa. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya kuua viini kwenye maji," akasema. "Hukaa ndani ya bomba lililofungwa. Usiiwashe mbele ya kitu chochote chenye macho, madam."

Nilimshukuru, nikatoka. Moyoni nilijiambia kwamba mfanyabiashara ni mfanyabiashara, anataka kuniuzia ile ya ghali. UV ni UV, nilisoma shuleni. Nikaenda kibanda kingine, kwa muuzaji ambaye nilijua hatauliza taa ni ya nini, nikanunua ileile. Hapo ndipo unisikilize kwa makini, mwanangu. Sikukosa wa kuniambia. Nilimkimbia aliyeniambia.

Nyumbani nilisifiwa. Halkano aliifunga juu ya sanduku la kobe kwenye chumba cha nyuma, ikatoa mwanga wa samawati, mzuri hata. Akko akavuta kigoda chake karibu, akakaa na kobe wake mchana kutwa, akichambua maharagwe.

Jioni akaanza kusugua macho. Akasema ni kama mtu amemmwagia mchanga. Nilikuwa jikoni, nikamsikia, na maneno ya Bwana Kirimi yakanirudia yote, moja baada ya jingine. Unajua nilifanya nini? Niliingia chumba cha nyuma nikaizima ile taa, nikaifungua, nikaificha nyuma ya magunia. Kisha nikampelekea Akko maji ya kunawa, nikamwambia labda ni vumbi.

Asubuhi hakuweza kufungua macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na yule mama aliyevuka jangwa na ng'ombe akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango. Kobe naye alikuwa ameingiza kichwa ndani, kope zimevimba, majani hagusi. Halkano alikuwa ameshaondoka na lori alfajiri. Nikamshika Akko mkono tukaenda hospitali.

Daktari alimwangalia, akauliza kama alikaa karibu na mtu anayechomelea chuma, kwa sababu macho yake yalikuwa yameungua kwa mwanga. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikaangalia sakafu.

Akko ndiye aliyejibu. Alisema, polepole, kwamba mtaani kwetu kuna vumbi jingi.

Daktari akampa dawa, akamfunga macho, akasema yatapona akipumzika gizani. Tulipofika nyumbani nilimkalisha kitandani, nikawa nageuka kuondoka. Akanishika nguo.

"Taa iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia iko nyuma ya magunia.

"Nilijua tangu jana ulipoizima. Nilikusikia ukiifungua." Akanivuta nikae. "Kununua vibaya si kitu, mtoto wangu. Mimi nimeshanunua ngamia mgonjwa nikidhani mzima. Lakini ulinisikia nikiyalalamikia macho ukaniletea maji, na ukweli ukabaki nao wewe. Pale hospitali nimesema uongo ili usiaibike mbele ya watu. Usinifanye niuseme tena mbele ya mwanangu."

Alisema bila hasira. Afadhali angenipiga.

Halkano aliporudi nilimweleza yote, pamoja na onyo la Bwana Kirimi. Hakunigombeza. Alitoka akaenda kukaa kwenye lori lake mpaka chai ikapoa. Kesho yake nilirudi kwa Bwana Kirimi kuagiza taa ya kweli, nikamweleza kwa nini, na alinihudumia kama vile hatukuwahi kuongea.

Macho ya Akko yalipona. Ya kobe, moja lilipona, jingine likabaki na ukungu, na ilibidi majani awekewe upande anaoona. Gamba lilipoziba, maafisa walimpeleka mahali pa kutunzwa, maana porini hangeweza tena kujitegemea. Taa mpya haikuwa na madhara yoyote, lakini tangu siku ile Akko hakuingia chumba kile bila kusimama kwanza mlangoni na kuniuliza, kwa upole, "Umezima?" Aliuliza hivyo mpaka kobe alipoondoka. Kila mara nilijibu, na kila mara nilitamani ardhi inifunike.

Basi jibu lako ndilo hili. Kama kobe wako anaweza kutoka, mtoe. Jua la Isiolo halina bei, mtengenezee tu kivuli cha kukimbilia. Kama lazima akae ndani, bania pesa kwenye sanduku na kwenye kishikio cha taa, fundi yeyote atakutengenezea, lakini usibanie kwenye taa yenyewe. Hakikisha imeandikwa ni ya kobe na jamaa zake, si UV peke yake. Usiweke kioo katikati, kwa maana miale haipenyi. Iweke umbali ulioandikwa, izime usiku, na uibadilishe muda wake ukiisha hata kama bado inawaka, kwa sababu miale huisha kabla ya mwanga. Na kibali chako kisipitwe na wakati.

La pili ni kubwa zaidi. Anayekuambia usichotaka kusikia, kaa umsikilize hadi amalize. Na ukishaumiza mtu, sema siku hiyohiyo, kabla aliyeumia hajalazimika kukufichia.

Mwenyezi Mungu akupe moyo usioogopa kukiri, mwanangu, akuwekee wazee wa kukukosoa, na akujalie kuwatunza wote waliowekwa mikononi mwako, wenye kusema na wasioweza kusema. Amin.