Darasa la Mitume kwenye Chumba cha Cherehani

Wifi yangu ana kigugumizi. Nalisema mapema, asije mtu akafika katikati akaniuliza mbona huyu mwanamke anachukua muda wote huo kusema "karibu". Ni dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi wa nguo, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata waliotoka naye tumbo moja. Mimi nikitaka kumchokoza humwita Dada Mkuu, naye hunijibu kwa kunirushia kipande cha chaki.

Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, mlango unaangalia barabara. Ukiingia, kushoto kuna meza ndefu ya kukatia, ukingo umeliwa na makasi. Kulia, chini ya dirisha, ndipo ilipo cherehani yake ya kukanyaga, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamebanduka pale kiganja kinapoegemea. Ukutani zimening'inia sare za shule zinazongoja vifungo. Wakwe zake walitaka kumnunulia cherehani ya umeme, akakataa katakata. Nikamwambia, "Wewe mwanamke unapenda taabu kama mtu anayelipwa kwa taabu." Akacheka, akaendelea kukanyaga.

Nilichelewa kuelewa, na mimi sijifichi, nina macho makali lakini akili huja nyuma yake ikihema. Siku moja nimekaa pale nabandika vifungo, nikagundua kwamba alikuwa ananisimulia habari za harusi tangu mchana na hajakwama hata kidogo. Miguu ikienda, ulimi unakwenda. Gurudumu likisimama, neno nalo linasimama njiani kama punda. Naye aliniona nimeona, akainama kwenye pindo lake.

Kitu kingine kisichomkwamisha ni kusoma Kitabu. Akisoma, sauti inateremka kama maji. Utotoni, katika chuo cha Kurani, hakuna aliyemshinda kwa kisomo. Ila mwalimu alipomwinua aeleze maana ya alichosoma, ndipo kilipoanza kizaazaa, na watoto walivyo hawana huruma, walimcheka mpaka akajifunza kunyamaza. Tangu hapo elimu yake ameikunja akaiweka ndani. Darasa la wanawake la Alhamisi hajalikosa, lakini siku zote amekaa nyuma kabisa, pale karibu na viatu. Na jambo alilokuwa akilitaka kuliko yote duniani ni kukaa mbele, afundishe. Hilo aliniambia mwenyewe, miguu ikiwa kwenye pedali.

Darasa lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha pembeni mwa msikiti. Aliyelifundisha ni bibi mmoja mpole, tunamwita Bi Mwalimu. Magoti yakamgomea, mwanawe akaja kumchukua akaishi naye mji mwingine. Siku ya kutuaga akafunga kitabu chake, akasema:

"Somo linalofuata ni utume. Mtume ni nani, na kwa nini Mwenyezi Mungu alituma mitume. Atalifundisha Fundi."

Halafu mtu akakohoa, kikohozi kile ambacho wala si cha kifua.

"Nani ana neno?" Bi Mwalimu akauliza. "Basi sikilizeni. Wanaosimamia msikiti wanakitaka chumba hiki kiwe stoo ya viti. Alhamisi ijayo wakikuta hapa hakuna mwalimu, ndiyo basi, darasa limekufa. Mtarudi kusikiliza mawaidha nyuma ya ukuta, neno moja mnasikia, matatu yanachukuliwa na upepo."

Tukarudi nyumbani, mimi na Fundi. Kufika tu, hata mtandio hajavua, akakaa kwenye cherehani akaanza kukanyaga bila kitambaa.

"Wifi, watanicheka."

"Wacheke, meno ni yao."

"Mimi nimezoea. Lakini watacheka na maneno yenyewe. Habari za mitume zichekwe kwa sababu ya ulimi wangu? Sitaki dhambi hiyo."

Sasa mume wangu ana dada mwingine, mdogo wa huyu. Huyo anauza viatu sokoni na tunamwita Redio, na hahitaji maelezo. Redio anaweza kukuuzia kiatu cha kushoto peke yake ukaondoka unamshukuru. Aliposikia, alikuja mbio na kapu lake.

"Dada, unalia nini? Nabii Musa ulimi wake haukuwa mzito? Na si alimwomba Mola wake ampe nduguye Haruni amsaidie? Basi Haruni wako ndiye huyu. Wewe nijaze, mimi niseme."

Fundi akamkumbatia, huku anacheka, huku anafuta machozi kwa kipande cha bitana.

Wiki hiyo nzima yeye akikanyaga na kufundisha, Redio akisikiliza huku anatafuna karanga, mimi na vifungo vyangu.

"Mtume ni nani?" Fundi aliuliza.

"Mjumbe wa Mungu."

"Kazi yake?"

"Kuleta ujumbe."

"Halafu?"

"Halafu nini tena, dada? Akishafikisha si anakwenda zake?"

"Akienda zake huyo ni mleta barua. Mtume anabaki. Anauishi ujumbe wake mbele ya macho ya watu. Anakula, anaoa, anaugua, anafiwa, anatukanwa, na wewe unamtazama anafanyaje. Ungejuaje kusali kama hakuna aliyesali ukaona? Kusamehe ungejifunzia wapi?"

"Eh, hapo umenishika."

"Na ana sifa nne, zishike vizuri. Hasemi uongo. Havunji amana. Hafichi alichotumwa, hata kama kitamletea matusi. Na si mjinga, ana akili ya kujua namna ya kusema na watu."

"Zina majina ya Kiarabu hizo, nikumbushe."

"Sidki, amana, tablighi, fatana."

"Toba! Mimi nitasema kwa Kiswahili, hicho kitanivunja meno."

"Sema kwa Kiswahili. Kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili wamwelewe. Na wote, tangu Adamu mpaka Mtume wetu aliyekuja mwisho, rehema na amani zimshukie, neno lao la kwanza lilikuwa moja: muabuduni Mungu mmoja. Wala hawakudai malipo."

Redio akatikisa kichwa. "Bila malipo? Mimi hapo ndipo ningeshindwa utume."

"Hapo tu?" nikamwuliza. Akanirushia ganda la karanga.

Alhamisi chumba kilijaa. Wengine walikuja kujifunza, wengine walikuja kutazama sinema, na nawajua kwa sura. Redio alikaa mbele, Fundi ubavuni mwake, mikono mapajani kama bibi harusi. Na kusema kweli Redio alianza vizuri. Sifa nne alizitaja zote, Nabii Musa alimsimulia mpaka watu wakasogea mbele.

Ndipo Mama Mapacha alipoinua mkono. Huyu ni jirani yetu ambaye hata chumvi hanunui bila kuihoji.

"Mimi nauliza. Kwa nini asitumwe malaika? Malaika hachoki, hana njaa, na ukimwona huwezi kubisha. Mtu kama sisi atabishiwa tu."

Swali hilo halikuwemo katika yale aliyojazwa Redio. Akamtazama dada yake. Fundi akafungua mdomo. "Kwa sa-sa-sa..." Jasho likamtoka puani. Kule dirishani wale wa sinema wakaanza kubana mbavu wasicheke. Na Redio, kwa mapenzi, hilo nalijua, kwa mapenzi tu, akaruka kumwokoa.

"Malaika ana mabawa, shoga! Kwa mlango huu angepita wapi?"

Chumba kizima kikacheka. Redio akaona wateja wamependa, damu ya soko ikampanda.

"Tena kuna jambo zuri hapa. Amesema Mtume kwamba mwanamke atakayehifadhi majina ya mitume ishirini na watano, dua yake siku hiyo hairudishwi!"

"Subhanallah!" wakaitika. Mmoja akaomba arudie taratibu. Mama Mapacha alikuwa ameshatoa simu anarekodi.

Fundi akasimama. Nimemwona wifi yangu siku ya msiba wa mama yao, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Neno likamkwama. Akafumba macho, akalisukuma.

"Mtume ha-hakusema hi-hilo."

"Dada, nilikuwa nawatia hamu tu," Redio akanong'ona.

"Na-na-na..." Alitaka kuendelea, haikuwezekana. Nikatazama chini, nikaona mguu wake wa kulia chini ya gauni unapiga mkeka, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Mguu bila gurudumu haukumsaidia kitu.

Akatembea mpaka mlangoni, akavaa viatu. Tukajua amekimbia. Redio akaangua kilio. Wale wa sinema wakaanza kutafuta mikoba yao. Lakini Fundi alipofika nje aligeuka, akatuangalia wote, akasema neno moja:

"Njo-njooni."

Basi tukamfuata, jamani. Wanawake chumba kizima barabarani mchana kweupe, wengine viatu mkononi, muuza mkaa kasimama anauliza nani kafa. Fundi akampita. Akaingia chumbani kwake, akakaa kwenye cherehani, akachukua kipande cha kitambaa cheupe kwenye kapu la mabaki, akakiweka chini ya sindano. Watu wakajibana ukutani katikati ya sare, wengine wakakaa juu ya meza ya kukatia, ambayo siku nyingine ukiigusa tu anakufukuza. Gurudumu likaanza kuzunguka. Siri yake ya miaka yote, akaitandaza mbele ya mtaa.

"Mama Mapacha, umeuliza malaika," alisema, na maneno yakatoka yamenyooka kama mshono wake. "Malaika hana mtoto anayelia njaa. Akikwambia subiri, utamwambia wewe unajua nini? Ndiyo maana akaletwa mtu. Mtume wetu alikua yatima. Aliwazika watoto wake kwa mikono yake. Walimtoa katika mji wake. Huyo akikwambia subiri, una la kumjibu?"

Mama Mapacha, aliyemzika mmoja wa mapacha wake, akatikisa kichwa polepole.

"Mungu hakutaka tupotee halafu tuseme hatukuambiwa. Akatuma watu wa kutuambia, na wa kutuonyesha. Sasa huyu mdogo wangu amesema neno tamu, na ninampenda. Lakini hakuna aliyemtuma kulisema. Ukiniletea vipimo vya mwanao, nami nikaongeza kwa kuwa mimi napenda gauni pana, hiyo nguo si ya mwanao tena. Mitume walipigwa mawe. Walifukuzwa. Wangepunguza neno moja tu, wangelala salama. Hawakupunguza, wala hawakuongeza ili wapendwe. Na sisi ambao hatujarushiwa hata kijiwe, tuongeze? Ujumbe ukichezewa, mjumbe ametumwa ya nini? Mtu akija kesho na njaa ya kumjua Mtume wake, atakuta maneno ya Redio. Kwa hiyo lile la dua, naomba kila mmoja wetu a-a-a..."

Miguu ilikuwa imesimama. Uzi wa bobini, ule wa chini ya sindano, ulikuwa umekwisha, na kwa mazoea ya kazi akaacha kukanyaga.

Akaanza kupapasa akitafuta bobini nyingine. Niliwakodolea macho wale wa sinema, nikijisemea leo atakayecheka atatoka hapa bila mtandio. Hakuna aliyecheka. Redio akavuta kamasi. Bobini ikaanguka, ikabingirika chini ya meza. Mama Mapacha akapiga magoti, akaingia chini kuitafuta, akatoka na vumbi la chaki kichwani, akampa kwa mikono miwili.

"Badilisha uzi, Bi Mwalimu," akasema. "Tunakungoja."

Kwa mara ya kwanza mtu alimwita hivyo. Fundi akainama muda mrefu chini ya sindano, na mimi nitakula kiapo kwamba bobini haikuwa na shida ya kuingia.

Redio akasimama kabla ya gurudumu kuanza tena. "Jamani, lile la dua nililitunga. Lifuteni. Mungu anisamehe, na dada anisamehe."

"Nimeshafuta," akajibu Mama Mapacha akipangusa magoti. "Ila mabawa na mlango nimebaki nayo, yamenichekesha."

Hata Fundi alicheka. Kisha akakanyaga, akamalizia alipokuwa: "afute."

Kile chumba cha msikiti walikigeuza stoo kama walivyotaka, viti vyao na viwakalie. Darasa sasa liko kwa Fundi kila Alhamisi, na anayechelewa anasimama kati ya sketi za shule. Redio ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu, na akirudi dada yake humwuliza, "Umewaambiaje?" naye hurudia neno kwa neno kama mtoto wa chuo, huku amenikunjia uso kwa kuwa nacheka.

Kile kitambaa cheupe ninacho mimi, nilikichukua kabla hajakitupa. Kimeshonwa juu ya kushonwa mpaka kimekuwa kigumu kama ubao, hakifai hata kufutia meza. Ukikiweka kwenye mwanga utaona mahali fulani mshono umekatika, yamebaki matundu matupu ya sindano, upana wa kidole. Ndipo tulipokuwa tukimngoja.