Dawa ya Pua ya Mbwa

Kwa muda mrefu bawa la kwale liliishi ndani ya friji yetu, katika mfuko wa plastiki, pembeni mwa siagi. Halikuoza kabisa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Manyoya yalishikamana kwa mafuta yake yenyewe, na kwenye ncha ya mfupa palikuwa na kitu cheusi ambacho sikuwahi kujilazimisha kukitazama vizuri. Kila jioni, baada ya kutoka chuoni ninakofundisha, nililifunga bawa hilo kwa uzi kwenye fimbo ndefu na kulirusharusha uani, mbele ya mbwa mchanga mwenye madoa ya kahawia.

Mbwa huyo jike, mume wangu aliachiwa na mhandisi mgeni aliyekuwa akihama Tororo. Ni wa aina isiyokimbiza ndege. Akimnusa, husimama: mguu mmoja juu, mkia umenyooka, pua imeelekea pale pale alipojificha ndege, naye hukaa hivyo mpaka watu wawili wafike na wavu na kumfunika ndege. Lakini kusimama huko, ingawa amezaliwa nako, lazima kufundishwe hadi kuwe tabia. Mume wangu alikuwa na mgongo mbovu. Yeye alielekeza akiwa kitini. Kuinama kulikuwa kwangu.

Sitadai kwamba niliipenda kazi ile. Mbwa alililamba bawa, kisha akanilamba mimi. Alikula kinyesi cha mbuzi kwa utulivu wa mtu anayekunywa chai. Siku moja alitapika manyoya kwenye mkeka wa sebuleni, nami nikayaokota moja moja kwa karatasi, nikijiuliza elimu yangu yote ilikuwa imenifikisha wapi. Hata hivyo alijifunza. Alipokuwa akilikimbilia bawa, nililiinua. Alipochoka na kusimama kulitazama, nilimsifu. Ikafika siku ambapo bawa lilitua kwenye nyasi naye akaganda, mguu juu, akitetemeka kidogo ubavuni, na kwa mara ya kwanza sikuisikia harufu ya mikono yangu.

Mavuno ya mtama yalipokwisha tulimpeleka Bulumbi, kwa kaka mkubwa wa mume wangu, kwa sababu mashamba yake hujaa kwale wanaookota punje kati ya mabua. Shemeji alikuwa na mbwa wake, wembamba, waliomrukia ndege na kumleta akiwa amechanika nusu. Wangu alisimama katikati ya mabua. Shemeji alimzunguka, akamtazama mbele na nyuma.

“Shemeji, hii mbwa yako inaogopa ndege,” aliniambia. “Hiyo si ya kuwinda. Hiyo ni askari wa geti.”

Nilimweleza maana ya kule kusimama. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri ya dhehebu la watu wengine. Kesho yake tulikwenda kwenye matanga Mulanda, na mbwa tukamwacha kwake.

Tuliporudi tulimkuta amefungwa kwenye nguzo ya ghala, pua imevimba, kamasi zenye rangi ya kahawia zikining'inia hadi chini. Shemeji alitueleza kwa fahari. Upande ule mbwa mzito hufunguliwa pua: tumbaku, pilipili na nyongo ya ndege huachwa vichachuke ndani ya kopo, kisha maji yake hutiwa puani kwa bua la jani la mpapai, ambalo lina tundu kama mrija. Alinionyesha kopo. Juu palikuwa na utando wa kijani, na ndani ya utando nzi waliokufa. Aliingiza kidole, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali.

“Hii imefungua mbwa ya baba, na ya babu,” alisema. “Yako ilikuwa imeziba tu.”

Pua ndiyo iliyokuwa mbwa mzima. Ikiharibika, mwaka wangu wa bawa na matapishi ungekuwa umekwisha, na angebaki kiumbe wa kulishwa ugali na vidagaa vya omena tu. Nilimtazama mume wangu aseme neno. Alitazama viatu vyake. Ndani ya gari aliniambia kwamba kaka alikuwa na nia njema, na nadhani sentensi hiyo ilinichefua kuliko kopo.

Nyumbani nilimwosha pua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Yaliyotoka sitayaeleza. Nililiweka bawa mbele yake, naye akalikanyaga akipita, kama anayekanyaga jani kavu. Wiki zilipita hivyo. Kamasi zilikauka, uvimbe ukashuka, na bawa likabaki kitu kisichomhusu.

Tulirudi Bulumbi kwa sababu ndege wako huko, wala sikuwa na tumaini. Mbwa alipita shambani kama mbuzi anayerudi nyumbani. Halafu upepo ukageuka, ukaja kutoka upande wa kinamasi. Alipunguza mwendo. Mguu mmoja ukapanda, mkia ukanyooka, akasimama. Mume wangu na kaka yake waliutandaza wavu juu ya kichaka kile cha mabua, na chini yake mabawa yakaanza kupigapiga.

“Umeona dawa?” shemeji akaniuliza.

Nilimwambia mbwa amepona mwenyewe, dawa ndiyo iliyomwumiza. Alicheka kwa upole. Kabla chakula hakijaiva, jirani mmoja alikwisha kufika na mbwa wake kwenye kamba ya katani, mwingine akimfuata, nao wakaketi kusubiri dawa. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikalichukua lile kopo kwa vidole viwili na kulimwaga chooni. Matone yalinirukia kifundoni.

Shemeji alipolitafuta, nilisema, “Nimelimwaga, shemeji.”

Mume wangu akarudi kutazama viatu vyake. Shemeji hakukasirika, aliinama kwenye jani la mgomba alipokuwa amewapasulia kwale, akaonyesha vifuko vidogo vya kijani alivyovipanga pembeni.

“Hakuna shida,” alisema. “Nyongo bado iko.”

Niliacha sahani yangu bila kuigusa. Nilimfungua mbwa wangu kamba, nikamwingiza garini na kupandisha vioo vyote, nikakaa naye katika joto lile, tukinuka pamoja, mpaka mume wangu alipomaliza kula.