Pete Iliyozidi kwa Unywele

Ukienda kwa Dada Milimita kutafuta lenzi ya kupigia picha za mawindo, usitegemee kuonyeshwa lenzi. Utaulizwa maswali kwanza. Mnyama atakuwa umbali gani? Mtawinda alfajiri au jua likishapanda? Na mzigo wote huo utaubeba mwenyewe, au una punda? Mteja mmoja alikuja kifua mbele akitaka lenzi kubwa kuliko zote dukani. Dada akampa aishike hewani huku akihesabu hadi mia mbili. Kufika sabini, mikono inamtetemeka. Akaondoka na lenzi ndogo, tena akishukuru.

"Mwindaji anapiga risasi moja tu," huwaambia. "Wewe unashika kamera tangu ananyata mpaka anarudi. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pako ni mkono."

Adapta nazo hakununua za kubahatisha. Pete hizo za chuma, za kufungia lenzi ya kiwanda kimoja kwenye kamera ya kiwanda kingine, alizikereza mwenyewe katika chumba cha nyuma. Miaka kumi na tisa, hakuna iliyowahi kurudishwa, na hilo hakuchoka kulisema.

Basi asubuhi moja akaingia mdogo wake, kitindamimba wa kwao, mpiga picha wa kampuni ya mawindo. Akaweka kamera mezani kama anayeweka silaha chini.

"Dada, niuzie hii. Macho yangu yamekwisha."

Mawindo matatu mfululizo, nyati walitoka ukungu mtupu. Bosi alimpa mpaka Jumatatu: picha safi, au kazi basi. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera, alisema, hajui tena kilicho kikali na kisicho kikali. Alikuwa hajamwambia hata mkewe. Adapta mpya aliyotengenezewa na dada yake hata hakuiwazia; nani angeiwazia?

Dada akailenga kamera kwenye bango la ukutani. Herufi zikatoka kali kama wembe.

"Mbona safi?"

Mdogo wake akainamisha kichwa. Ndicho alichokiogopa: kamera nzima, kwa hiyo mbovu ni yeye.

Mtu mwingine angempa pole na kiti. Dada alitoka hadi barabarani, akaulenga mnara wa maji ulio mwisho wa mtaa. Ukungu. Akazungusha lenzi hadi ikagoma. Ukungu. Akarudi ndani, akaifungua adapta, akaipima. Ilikuwa imezidi kwa unene wa unywele. Pete ya namna hiyo hukupa vya karibu vyote, vya mbali ikakunyima. Naye, siku alipoitengeneza, aliijaribu humohumo dukani, kwenye bango lilelile, harakaharaka, kwa kuwa ni ya ndugu.

Dukani mlikuwa na wateja wanne. Angeweza kuipunguza kimyakimya huko nyuma na kusingizia vumbi. Mafundi ninaowajua mimi wangefanya hivyo kabla hawajameza mate.

"Kosa ni langu," akasema, sauti ikifika mlangoni. "Nimekuharibia kazi mimi, mdogo wangu. Nipe namba ya bosi wako nimwambie mwenyewe, sasa hivi."

Mdogo wake akaichukua ile pete, akaigeuzageuza, machozi yakamtoka mbele za watu bila aibu.

"Kwa hiyo ninaona?"

"Unaona, baba. Unaona vizuri kabisa."